Halidi Yuko Studio

Pale Kihonda, Morogoro, mkabala na duka la vifaa vya ujenzi lenye ghorofa moja, kuna benchi lililotengenezwa kwa nguzo ya umeme iliyopasuliwa katikati. Nani aliipasua, na nguzo yenyewe ilitoka wapi, hiyo ni habari ambayo wenye benchi hawapendi iulizwe. Abuu huweka hapo jiko lake la mkaa, birika la kahawa, sahani ya kashata na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Ghorofani, juu ya mabati na saruji za duka hilo, ndiko iliko Redio Kilima. Sasa Jumapili hiyo ninayoisema, Halidi mtangazaji alikuwa amekaa benchini, miguu kainyoosha, kikombe mkononi, na wakati huohuo sauti yake ilikuwa inatoka kwenye redio ya Abuu ikiwasalimia wakulima wa Mgeta. Miaka kumi na tisa hakuwahi kunywa kahawa Jumapili mchana kama binadamu wengine. Alikuwa anaona raha, lakini ni ile raha ya mtu aliyeacha chungu jikoni.

— Ni saa nane na robo hapa Redio Kilima, ilisema redio kwa sauti ya Halidi.

Injinia alitazama saa yake ya mkononi. Injinia jina lake ni Godlisten, mtu wa Moshi, fundi simu wa kona ya pili. Cheti hana hata kimoja, ila bisibisi anazo kumi na mbili na maoni hayahesabiki.

— Saa nane na dakika kumi na tisa, alisema. Umechelewa dakika nne, Halidi. Na hapo umekaa tu.

— Nyimbo zimezidi urefu kidogo, alisema Halidi. Nitazipunguza kesho.

— Hebu nieleweshe taratibu, alisema Mzee Rehani. Wewe uko hapa. Mle ndani nani anaongea?

Mzee Rehani ndiye mkubwa wa kijiwe. Alistaafu kiwanda cha nguo zamani, masikio yake yalibaki kiwandani, kwa hiyo ukimweleza jambo unalieleza mara mbili na mtaa mzima unafaidika. Halidi akatoa daftari dogo kwenye mfuko wa shati. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na mwandiko safi wa Juliana, yule dada fundi aliyetoka Dar kuja kufunga programu: KUANZA. Chini yake hatua saba.

— Ni hivi, mzee. Kompyuta ina mafaili. Huku nyimbo, huku matangazo ya biashara, huku salamu, huku sauti yangu. Ijumaa nilikaa na Juliana tukarekodi vipande thelathini na viwili vya mimi kuongea. Halafu unaipangia: wimbo, wimbo, Halidi, tangazo, wimbo. Ukimaliza kupanga unabonyeza kitufe cha kijani, unaondoka. Inajiendesha yenyewe mpaka jioni.

— Bila mtu?

— Bila mtu.

— Na wewe unalipwa kwa kukaa hapa?

Hapo ndipo penyewe, na Halidi alikohoa kidogo kabla ya kujibu. Kijiwe kizima kilijua kinachoendelea ila walitaka kukisikia tena, kama watoto na hadithi ya sungura. Bosi wake, Bwana Said, alikuwa amewakusanya watangazaji watatu Alhamisi akawaambia kwamba mtambo ukishazoea, kiti kitabaki kimoja. Halidi alipewa Jumapili iwe ya majaribio. Mashine ikienda tangu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni bila mkono wa mtu kuingilia hewani, Halidi ndiye atakayekabidhiwa mtambo. Ikivurugika, mtambo atakaa nao Juliana, na Halidi atashukuriwa kwa barua. Ana miaka hamsini na minne na kazi nyingine haijui. Nyumbani mkewe Shamsia alikuwa ameshawaambia majirani wawili kwamba mume wake sasa ni mkuu wa mitambo, na wale wawili si watu wa kukaa na neno.

— Bado saa tatu na nusu, alisema Halidi. Ufunguo ninao mimi. Umeme ukikatika napanda, nawasha upya, nashuka. Basi. Nimekatazwa kugusa kitu kingine.

— Hiyo mashine mimi naijua, alisema Injinia. Hawakukwambia ukweli. Ile inajifunza. Kila redio inayopiga Kilima, na yenyewe inaisikiliza. Mtu akizima wimbo fulani, inaandika. Wiki ya tatu itajua kwamba mama Fulani wa Mazimbu hapendi taarabu.

— Redio haina sikio, wewe, alisema Abuu huku akimimina.

— Spika na maiki ni kitu kimoja, mzee baba. Ukigeuza waya tu. Mimi nafungua hivi vitu kila siku.

— Kwa hiyo hii yangu inanisikia?

— Kila neno.

Abuu akaitazama redio yake, akaigeuza uso ikaelekea ukutani. Juzi tu alikuwa amesema maneno makali kuhusu afisa wa soko.

— Hayo ya kusikia ni madogo, alisema Mzee Rehani. Mimi nimekaa na mashine miaka ishirini na sita. Mashine tatizo lake ni kuzoea. Pale kiwandani tulikuwa na moja ya kusokota uzi, ilizoea mtu mmoja anaitwa Kibwana. Kibwana akienda likizo, haisokoti. Wakamrudisha kutoka kwao Mahenge. Akaingia mlangoni tu, ikawaka.

— Ilikuwa na waya mbovu, mzee.

— Ilikuwa na mapenzi. Sasa hii imeonja sauti ya Halidi, vipande thelathini na viwili. Itakaa navyo. Itavikata, itaviunga. Mwaka kesho itasema mambo ambayo Halidi hajawahi kuyasema.

— Hapo mzee umenena, alisema Injinia, ambaye hapendi mtu amzidi kwa kutisha. Na haitaishia hapo. Fikiria uchaguzi. Sauti gani inajulikana mkoa mzima kuliko zote? Ya Halidi. Hailali, haiugui, haiombi nauli. Wataisimamisha udiwani. Kura zitapigwa, diwani anaapishwa, yuko ndani ya kompyuta.

— Na vikao vya kata?

— Wanabeba spika.

Halidi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kidole. Alikuwa anapenda kijiwe hiki na kwa miaka yote hiyo alikuwa anakipitia mbio tu, akipanda ngazi. Ndipo Mzee Rehani akamtazama kwa huruma ya kweli.

— Mimi ninachokuwazia ni kingine, Halidi. Siku ukifa. Nani atatangaza?

— Mwenzangu yeyote, mzee.

— Mwenzako yupi, wakati kiti kimebaki kimoja? Itatangaza hiyohiyo. Kwa sauti yako. Utajitangaza mwenyewe: nasikitika kuwatangazia kifo changu. Watu wanakuja msibani, wanakukuta umelala, na redio inaendelea kuwapa ratiba ya mazishi. Utasema mwenyewe na wakati wa kula.

Abuu alisema huo ni uchuro na akaongeza kashata bila kuombwa. Halidi akatabasamu nusu tu, kwa sababu matangazo ya vifo ndiyo yaliyomfanya awe Halidi. Nyimbo mtu yeyote atapiga. Lakini kuanzia Mikese mpaka kule juu milimani, akifa mtu, jina lake linapita mdomoni mwa Halidi: marehemu nani, mtoto wa nani, anazikwa wapi, na wafuatao wapate taarifa popote walipo. Watu humsimamisha barabarani kumshukuru kwa alivyolitamka jina la mama yao.

— Niko nanyi hapa studio, ilisema redio kutoka ukutani. Kama una tangazo lolote, la furaha au la huzuni, mlango uko wazi, pita tuonane.

— Muongo huyo, alisema Injinia. Mlango umefungwa na yuko hapa anakula kashata.

Watu wakacheka. Halidi naye alicheka, kisha akaacha. Maneno yale aliyasema Ijumaa bila kufikiri, kama alivyoyasema kila Jumapili tangu redio ilipoanza. Juliana alikuwa anatazama kioo cha kompyuta na hakuwa mtu wa Morogoro, kwa hiyo hakujua kwamba hapa watu hupita kweli. Vipande thelathini na viwili, na kwa hesabu ya haraka Halidi aliona kwamba huenda amewakaribisha watu kwenye vipande tisa au kumi.

— Nitavifuta kesho, alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Ilipokaribia saa tisa, bodaboda ilisimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Alishuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sweta la baridi ya mlimani bado mwilini katika jua lile la Kihonda, viatu vina udongo mwekundu. Alipanda ngazi za nje mpaka juu, akabisha. Akasubiri, akabisha tena. Wakamwona anaweka sikio mlangoni. Halafu akashuka taratibu, akavuka barabara akaja benchini.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mzee Rehani. Za huko utokako?

— Si nzuri sana. Naitwa Cecilia, nimetoka Mgeta. Nimeshuka na lori la kabichi mpaka stendi ya Msamvu. Baba amefariki alfajiri.

Vikombe vikawekwa chini. Wakampa pole mmojammoja, wakasogea, wakamkalisha kwenye benchi. Abuu akamimina kahawa. Cecilia akaishika bila kuinywa, akawaeleza. Baba yake ni mzee Venansi. Misa ni kesho saa sita, na maziko baada ya misa. Kwao wamezaliwa wawili tu, yeye na kaka yake Mikaeli, na Mikaeli anachoma mkaa huko ndani kutoka Mikese. Kijiji gani, Cecilia hajui, hajawahi kufika. Simu yake haipatikani tangu Alhamisi, huko hakuna umeme wa kuchaji. Ila redio ya betri anayo, na Jumapili haikosi, kwa sababu Jumapili huwa anasikiliza salamu za nyumbani.

— Asipopata leo, basi, alisema. Atakuja baada ya wiki mbili na mkaa wake, atakuta kaburi. Na mimi lazima nipande tena jioni hii, nyumbani nimemwacha mama peke yake na wapishi.

— Ungepiga simu ya redio, dada, alisema Injinia kwa upole.

— Nimepiga mara sita. Inaita tu. Nikawa na wasiwasi, lakini ndani ya lori nikamsikia mwenyewe anasema yuko hapa studio, mlango uko wazi, mtu apite. Nikamwambia dereva nishushe. Sasa nimefika, mlango umefungwa. Cecilia akageuka, akautazama mlango ule kule juu. Jamani, huyu anayesema yuko studio, yuko wapi?

Mzee Rehani alijifanya hakusikia, na safari hii si masikio. Abuu alichochea mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu. Na redio pale ukutani, bila aibu yoyote, ikasema kwa ile sauti nzito yenye upole: niko nanyi mpaka saa kumi na mbili jioni, usiende mbali.

Cecilia aliitazama redio. Halafu akawatazama, mmoja baada ya mwingine, akisubiri.

— Ni mimi, alisema Halidi.

Sauti ileile. Mwanamke hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Halidi zaidi. Alishangaa tu, akamtazama yeye, akatazama redio, akamtazama yeye tena.

— Kumbe uko hapa.

— Niko hapa.

— Basi tumepona, alisema Cecilia, na kwa mara ya kwanza akanywa kahawa.

Halidi akasimama. Injinia akamshika mkono.

— Kaka, tulia kwanza. Bado saa tatu. Bwana Said anasikiliza, unamjua. Subiri saa kumi na mbili ifike, upande umtangazie dada jambo lake, kila mtu amepata.

— Saa kumi na mbili Mikaeli atatoka vipi porini? Gari la mwisho Mikese litakuwa limeshapita. Akisikia sasa anatembea mpaka barabarani, jioni yuko Msamvu.

— Na kiti?

Halidi alianza kuvuka. Alimfikiria Shamsia na wale majirani wawili. Aliwafikiria kwa hatua tatu hivi, mpaka katikati ya barabara, halafu pikipiki ikampigia honi akaacha kuwaza. Nyuma yake alikuja Cecilia, nyuma ya Cecilia Injinia, nyuma ya wote Mzee Rehani akipumzika kila ngazi ya tatu. Abuu peke yake alibaki na birika lake, akaigeuza redio ikatazama barabara.

Ndani ya studio kulikuwa na ubaridi na hapakuwa na mtu, na ajabu ni kwamba Halidi, aliyefanya kazi humo miaka yote hiyo, aliona aibu kama aliyeingia nyumba ya watu. Kompyuta ilikuwa inaendelea na shughuli zake. Nyimbo zimepanga foleni kwenye kioo, moja inakimbia kwa mstari wa kijani, nyingine zinasubiri, na katikati yao jina lake: Halidi 19, Halidi 20, Halidi 21. Akatoa daftari. Akasoma hatua ya kwanza mpaka ya saba. Akafungua ukurasa wa pili. Ulikuwa mweupe.

— Inasimamishwaje? aliuliza Mzee Rehani, akihema.

— Tumefika kwenye kuanza tu, alisema Halidi. Kusimamisha na kuingia katikati ni somo la Jumanne.

— Bonyeza hiki chekundu, alisema Injinia.

— Hicho unakijua?

— Chekundu siku zote ni kusimama.

— Au ni kufuta, alisema Mzee Rehani. Chomoa waya wa ukutani. Kiwandani tulikuwa tunachomoa.

— Ukichomoa umezima redio nzima, mzee, na dada ataongea na kabati.

Wakaanza kubishana juu ya kompyuta, kidole cha huyu kinaondoa kidole cha yule, na Cecilia amesimama mlangoni kashika mikono. Halidi alirudi nyuma hatua moja ili apate hewa. Kiuno chake kikagusa meza ya zamani. Ni ile meza ya kuchanganyia sauti yenye vitelezi kumi na viwili, vile vijiti vya kupandisha na kushusha sauti, rangi imebanduka pale vidole vyake vilipopita miaka kumi na tisa. Cha kwanza maiki yake, cha pili maiki ya mgeni, na cha saba, Juliana mwenyewe alikichomeka mbele ya macho yake, ndiyo kompyuta.

Halidi akavuta kiti, akakaa. Akakishusha kitelezi cha saba polepole, jinsi wimbo unavyoshushwa ili mtu aseme. Kompyuta haikujua lolote. Mstari wa kijani uliendelea kukimbia, Halidi 19 akafika zamu yake akaongea weee, na hakuna aliyemsikia. Akapandisha kitelezi cha kwanza.

— Wasikilizaji, alisema. Tangu asubuhi mmenisikia nikisema niko studio. Sikuwepo. Nilikuwa hapa chini nakunywa kahawa. Sasa nipo. Naomba aliye karibu na redio aongeze sauti, na aliye Mikese awaite walio mbali.

Akatangaza. Alilitamka jina la mzee Venansi polepole na lote, kijiji, kigango, saa ya misa, kama anavyofanya kwa kila mtu. Halafu akapandisha kitelezi cha pili na kumwashiria Cecilia akae. Yule dada akasogeza mdomo karibu mno na maiki, Halidi akamrudisha kidogo kwa kidole.

— Mikaeli, alisema Cecilia. Mimi dada yako. Baba amekwenda. Hakuteseka. Njoo leo, usisubiri mkaa uive. Tutakungojea wewe ndio tushike udongo.

Halidi akashusha vitelezi vyote viwili vya maiki. Kutoka chini barabarani Abuu akapaza sauti kwamba imesikika, kila neno, mpaka kwa muuza chipsi wamesimama. Injinia alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Simu ya Halidi ikawaka mezani: Bwana Said. Ikaita mpaka ikakata, ikaanza upya.

Cecilia alikuwa anatazama ile maiki, kisha akamtazama Halidi.

— Amesikia?

Halidi alikaa na swali lile. Miaka yote amewaita watu popote walipo, na hajawahi kujua nani kasikia.

— Sijui, mwanangu, alisema. Pumzika kidogo, tunasema tena.

Akaigeuza simu kifudifudi, akapandisha tena kitelezi cha kwanza.